Tope Alilobeba Marehemu

Mama huyu, usimwulize habari za marehemu mumewe kama una haraka. Chai itapoa mkononi mwako, jua litazama, na bado hamjafika siku ya harusi. Mwanawe wa mwisho, ambaye ana mvi kidevuni na mama bado anamwita Kitinda, alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Ndiyo maana siku mpimaji wa udongo alipopiga hodi uani kwao, Kitinda alitamani ardhi ipasuke immeze.

Lakini tuanze na mto. Mto wenyewe si mkubwa, ila kwa miaka mingi uligeuzwa choo na kiwanda cha betri kilichokuwa pale kwenye kona ya mto. Kiwanda kikafungwa, wenyewe wakaenda zao, wakaacha bomba linaning'inia na tope jeusi chini ya maji, limejaa madini ya risasi. Samaki wakafa, vyura wakahama, watoto wakawa wanapigwa marufuku kuoga, nao wanaoga. Miaka ikapita hivyo hivyo mpaka ukaja mradi wa kuusafisha.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Wanazuia kipande cha mto kwa ukuta wa chuma, wanavuta maji yote kwa pampu, kisha wanachimba tope mpaka wakute mchanga safi. Tope linapakiwa kwenye malori yaliyotandikwa plastiki, linakwenda kuzikwa mbali kwenye shimo lililojengewa. Hapo ndipo ukingo unapomwagiwa mchanga mpya, unafunikwa nyavu za kamba, unapandwa matete na miti ya mtoni, ili udongo ushikwe na viumbe warudi nyumbani kwao. Wakimaliza kipande kimoja wanasogea kingine. Kitinda ndiye aliyeendesha ile mashine yenye mkono mrefu ambayo watu huiita kijiko, na aliipenda kazi ile, asikudanganye mtu. Siku ndege wa kwanza, mdiria mla samaki, alipotua juu ya tete changa kule walikomaliza, Kitinda alizima injini amtazame vizuri. Akapigiwa filimbi hapo hapo.

Aliyempigia alikuwa msimamizi. Watu walimwita Filimbi, na hakuna aliyejua kama ana jina jingine. Ukichelewa, filimbi. Ukipumzika, filimbi. Walisema hata mkewe huitwa mezani hivyo hivyo.

Sasa, nyumba ya mama ilikuwa ukingoni kabisa, katika safu ya nyumba za watu waliojenga bondeni kwa sababu mlimani walikuwa wameshawahi wengine. Mvua kubwa zikinyesha, mto ulikuwa unaingia ndani bila hodi. Watu wa safu ile wakajifunza kuinua viwanja vyao. Walikuwa wanateka tope mtoni, wanalimwaga uani, wanalishindilia kwa miguu mpaka likauke, kisha wanaongeza jingine. Mwenye bidii alipanda juu, mvivu alilala na vyura.

Marehemu alikuwa fundi mwashi, na katika jambo hili hakuna aliyemfikia. Yeye hakuridhika na tope la popote. Alisema tope la kawaida mvua ikija linayeyuka, lakini lile la kwenye kona, chini ya bomba la kiwanda, likikauka ni saruji. Kila jioni akitoka kazini alipita mtoni, karai kichwani, akarudi analo. Alipanga tabaka la tope, tabaka la vipande vya matofali, tabaka la tope tena, kama anajenga ukuta uliolala. Nyumba ikapanda mpaka mafuriko yakawa yanaishia ngazi ya chini, yanageuka na kurudi yalikotoka. Mama alikuwa anasimama barazani anayacheka.

Mwishoni mwa maisha yake mikono ya mzee ilianza kulegea. Mwiko ukawa unamponyoka. Mama alisema ni uzee, na mwashi gani asiyechoka mikono? Kitinda naye alisema ni uzee, mpaka alipoanza kazi ya mradi wakakalishwa darasani na kufundishwa risasi inavyomwingia mtu na inavyoanza na mikono. Siku hiyo alirudi nyumbani hakula. Mama alipomuuliza akasema tumbo linamsumbua.

Kwa hiyo alijua kilichomo uani. Akiwa amekaa kwenye kiti chake cha mashine alilijua, na akilala alilijua. Lakini mradi ulikuwa unafuata mto tu, na wenye nyumba walikuwa wanaulizwa kwanza, zikapimwa zile tu zilizotiliwa shaka. Kitinda akajisemea, huenda tukapita. Ni mama yangu, ni mzee, aachwe amalizie siku zake pale alipo. Alikuwa na aibu na wazo hilo, na hakuliacha.

Asubuhi ile alimwambia, "Mama, atakuja mtu wa kupima. Jibu anachouliza, basi."

"Kwani mimi nina maneno mengi?" mama akauliza.

Mpimaji alikuwa dada mpole, mabuti ya mpira miguuni, bomba la chuma la kuchomoa udongo begani. Akaamkia vizuri, akaketi alipokaribishwa, akauliza swali moja tu. "Mama, udongo huu wa uani ni wa hapa hapa au uliletwa?"

Jamani! Mama aliinuka kwenye kigoda kama aliyeitwa jukwaani.

"Uliletwa? Mwanangu, uliletwa kwa kichwa cha mume wangu! Unaona ulivyo juu hapa? Hapa palikuwa shimo. Nilipoletwa bibi harusi nililia, nikasema naolewa na mtu au na chura? Akaniambia, subiri uone."

Kitinda akakohoa.

"Basi akaanza kubeba. Na hakubeba takataka, ee! Alikuwa anakwenda pale kwenye kona, chini ya lile bomba, anachota lile jeusi tii, linalonata."

Kitinda akakohoa tena, safari hii kama mtu aliyepaliwa na mfupa.

"Wewe, kanywe maji, watu wazima tunaongea," mama akamwambia, kisha akamgeukia mgeni. "Piga mguu hapo ulipo. Piga, usiogope! Unasikia? Hiyo ni kazi ya mwashi, si ya mchezo."

Mpimaji akapiga mguu kidogo, kwa adabu. Akauliza, "Na jirani hapa naye aliinua hivi hivi?"

"Nani, Fundi Saa?" Mama akacheka. Jirani yao alikuwa mzee aliyetengeneza saa za watu maisha yake yote, mtu wa vidole laini, na wakati huo alikuwa amesimama upande wa pili wa ua, chini ya dirisha lake, anasikiliza. Mama hakupunguza sauti hata kidogo. "Huyo hakubeba hata karai moja. Mume wangu anatoka jasho, yeye anamtazama juu ya ua na miwani yake. Huko kwake ni kifusi cha kununua. Si kweli, jirani?"

"Kweli kabisa," akasema Fundi Saa. "Kifusi."

Hawa wawili walikuwa hawajawahi kukubaliana jambo tangu wafahamiane, hata kuhusu kama mvua inanyesha au la. Kitinda alipaswa kushtuka. Lakini alikuwa anatazama lile bomba la chuma likizama uani, karibu na kamba ya kuanikia nguo. Lilipotoka lilikuwa na tope jeusi, linang'aa, na katikati kipande chekundu cha tofali.

"Umeona?" mama akasema, macho yamemjaa machozi ya fahari. "Nilikwambia. Jeusi tii!"

Mpimaji alipoondoka mama alimsifu mpaka jioni. Binti ana malezi yule, amesikiliza mpaka mwisho. Kitinda alikaa ngazini amejiinamia. Alitaka kumfokea, akashindwa aanzie wapi. Unamfokeaje mtu kwa sababu ya kumpenda mumewe?

Majibu yalipotoka, Filimbi alimwita kwenye kontena linalotumika kama ofisi. Ukutani palikuwa na ramani kubwa ya mto, na mstari mwekundu unaofuata ukingo. Pale kwao mstari ulikuwa umevimba, umeizunguka nyumba na ua wote, kisha ukarudi mtoni.

"Pole," Filimbi akasema. Filimbi yenyewe ilikuwa mfukoni, na hilo peke yake lilimtisha Kitinda.

"Bosi, si tuchimbe uani tu? Nyumba tuiache."

"Nyumba imekaa juu ya nini?"

Kitinda akaitazama ramani.

"Imekaa juu ya nini, dereva?"

"Juu ya tope."

"Sasa nikuambie nini tena? Mstari hausogezwi na mimi. Unachorwa huko juu, mimi ninaletewa." Akamtazama kwa huruma, na huruma ile ilimuudhi Kitinda kuliko filimbi zote alizowahi kupigiwa. "Mama atapewa chumba kwenye yale majengo ya ghorofa, kule mlimani. Kizuri tu. Kina maji."

Alijaribu kwingine. Alikwenda kwa mkubwa wa mradi, akaambiwa akamwone mwingine, na huyo mwingine akamwambia arudi kwa Filimbi. Dua la kuku halimpati mwewe. Akarudi nyumbani kumwambia mama.

Mama alicheka kwanza. Alidhani ni utani, maana Kitinda utotoni alikuwa na utani mbaya. Alipoona hacheki naye, akachukua ufagio akaanza kufagia pale alipokwisha kufagia.

"Ningenyamaza?" akauliza, mgongo amemgeuzia.

"Wangejua tu, mama. Wana vyombo."

"Unadanganya vibaya kama baba yako." Akafagia kidogo tena. "Nani atavunja?"

"Nitaomba ruhusa siku hiyo. Ataletwa dereva mwingine."

"Yupi? Yule anayeendesha huku anaongea na simu? Hapana. Vunja wewe. Mgeni atanivunjia kama anavunja banda la kuku. Wewe angalau utaanza polepole."

"Mama, usinifanyie hivyo."

"Na wewe unanifanyia nini?" akasema, bila hasira, na hapo Kitinda akalia kama mtoto, mtu mzima na mvi zake, na mama akaacha ufagio akamfuta kwa kanga.

Siku ilipofika, vitu vilikuwa vimeshapandishwa mlimani. Mama alikataa kubaki huko. Alishuka na kigoda chake, akakaa nyuma ya utepe wa kuzuia watu, karibu na ua wa Fundi Saa, mikono mapajani. Wajukuu wa Fundi Saa, wadogo wawili, walikuwa wanacheza chini upande wao, wanachora gari udongoni kwa kidole. Filimbi akapuliza. Kitinda akaanza.

Alianza polepole kama alivyoagizwa. Aliinua bati moja moja kama mtu anayemvua mgonjwa nguo. Kuta hazikumsumbua, zilikuwa nyepesi kuliko alivyodhani. Chumba alichozaliwa kilikaa kwenye ndoo moja ya kijiko na nafasi ikabaki. Alipotupa jicho kwa mama alimwona anatikisa kichwa, anaelekeza kwa mkono, kushoto, kushoto, huo upande ni mzito. Alikuwa anamsaidia, mama wa watu.

Kisha akaanza kuchimba. Tabaka la tope, tabaka la matofali, tabaka la tope. Kila ndoo aliyoinua ilikuwa jioni ngapi za baba yake, hakutaka kujua. Miaka yote ile ya karai kichwani ilipanda malori na kuondoka kabla watu hawajaenda kula. Mashine haikutoka hata jasho. Kitinda alijisikia mwizi.

Walipofika mchanga wa asili, mpimaji akashuka shimoni na vyombo vyake, akapima hapa na pale, akainua kidole gumba. Safi. Lori la mchanga mpya lilikuwa linasubiri barabarani. Watu wa matete nao walikuwa wameketi pembeni na miche yao kwenye ndoo, wanataka kupanda kabla ukuta wa chuma haujafunguliwa na maji kurudi.

Kitinda akageuza mashine anyooshe ukuta wa shimo upande wa Fundi Saa. Alipokwangua mara moja tu, udongo wa juu ukaporomoka, akasimamisha mashine.

Ukuta ulikuwa mweusi. Mweusi tii, unang'aa, unatoa jasho. Na katikati yake mistari myekundu ya vipande vya matofali, imenyooka, tabaka juu ya tabaka, inaingia chini ya ua na kuendelea chini ya nyumba ya Fundi Saa.

Mama aliona. Akasimama, akausogelea utepe.

"Ile ni kazi ya mume wangu," akasema.

Fundi Saa alikuwa ametoka nje, amevaa miwani yake, mikono inahangaika.

"Jirani," mama akamwita. "Ile ni kazi ya mume wangu. Imefikaje kwako?"

"Alinijazia," akasema Fundi Saa kwa sauti ya chini. "Mimi sikuweza, kifua changu unakijua. Akiwa na nafasi alinijazia na mimi. Akaniambia nisikwambie, utagomba, utasema anajiua kwa ajili ya watu."

"Ningegomba, ndiyo," mama akasema. "Ningegomba sana." Akacheka kidogo, kicheko kilichovunjika njiani. "Looo, mwanamume yule. Na mimi nikasimama hapa nikasema hukubeba hata karai."

"Sikubeba. Hilo ulisema kweli."

Mama akataka kusema neno jingine la marehemu, na angelisema, kama asingewatazama wale watoto. Mdogo alikuwa amechoka kuchora gari. Amekaa chini, kidole kilekile amekitia mdomoni.

"Mtoe mtoto huyo!" mama akapiga kelele. "Mtoeni hapo!" Akamgeukia Filimbi. "Baba, hata huku tope lipo! Angalia mwenyewe, si unaona? Chimba na huku!"

"Mama, rudi nyuma ya utepe."

"Sirudi popote! Lipo mpaka chini ya nyumba!"

Filimbi aliutazama ukuta ule, kisha akamtazama mpimaji, na mpimaji akatazama mabuti yake. "Kule hakukupimwa," akasema mpimaji. "Kulitajwa kuwa ni kifusi, mstari ukapita nje yake."

"Aliyetaja ni mimi! Mlinisikiliza mimi! Sasa nataja upya. Si kifusi. Nisikilizeni sasa hivi!"

"Nitachukua sampuli, mama. Nitapeleka. Lakini hii awamu imefungwa, sijui watajibu lini, sijui kama watajibu."

"Jirani, nyamaza, nakuomba," Fundi Saa akasema, amemshika mjukuu mkono, kidole bado mdomoni. "Kule mlimani vyumba vimekwisha. Mimi nitakwenda wapi?"

Mama akamtazama yeye, akamtazama mtoto, akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake neno likakosekana. Chini kwenye shimo, kwenye ule mchanga uliopimwa ukaitwa safi, maji meusi yalikuwa yameanza kuchuruzika kutoka ukutani, taratibu, yanatafuta mto.

Filimbi akapuliza. "Dereva! Ziba ukuta huo kwa mchanga mpya, tumalize. Watu wa matete wanasubiri."

Kitinda hakusogea. Filimbi ikapulizwa tena. Akashika vishikio vya mashine, akachota mchanga mweupe kutoka lorini, akauinua, na ndoo ikaning'inia hewani. Alipotazama chini, mama alikuwa ameshavuka utepe. Alikuwa amesimama kando ya mnyororo wa mashine, mkono mmoja ameuweka juu ya chuma, uso ameuinua kwake.

"Kitinda, mwaga huo. Chimba huku."

"Mama, siwezi."

"Chimba, mwanangu. Watoto wale watakufa mikono kama baba yako."

Kumbe alijua. Alijua ni tope, si uzee; tangu lini, Kitinda hakujua. "Mama, nje ya mstari siwezi. Wataniteremsha, wataleta mwingine, naye atauziba huo huo. Nakuapia siwezi."

Mama hakuondoa mkono kwenye mashine. Alimtazama kama mtu anayeuliza njia, anataka tu kuelekezwa.

"Mbona nyumba yangu umeweza?"